Chupa, moto au mkasi? Tathmini ya vifaa vya kuzuia ncha za utepe kufumuka

Mtu akilalamika kwamba ncha za utepe wake zinafumuka, jibu la kwanza analopewa huwa ni chupa ndogo ya Fray Check, kimiminika cha kuzibia ncha za nguo, ile ya mililita 22 yenye jina la Dritz. Mara nyingi jibu hilo si sahihi. Utepe mwingi wa kazi za mikono ni wa poliesta, na kwa poliesta moto wa sekunde moja hufanya kazi safi kuliko kimiminika chochote, bila doa na bila kusubiri kukauka. Kwa pamba, hariri na viskosi (nyuzi zinazotengenezwa kutokana na mbao) mambo yanageuka: moto ni hasara tupu, na hapo ndipo chupa inapostahili nafasi yake mezani. Kwa hiyo vifaa vinavyopimwa hapa havishindani katika uwanja mmoja. Kila kimoja kina utepe wake.

Kwanza tuelewe kinachofumuka. Utepe wa kufumwa una nyuzi za mtande zinazokwenda kwa urefu, na uzi wa mshindio unaokwenda kwa upana. Mshindio ukifika ukingoni hugeuka na kurudi, na kugeuka huko ndiko kunakofanya pembeni pasifumuke hata utepe utumike miaka. Ukiukata kwa kukatiza, mshindio wa mwisho hauna kinachoushika tena. Unateleza na kutoka, wa nyuma yake unabaki wazi, nao unatoka, na mwisho unabaki na shada la nyuzi za mtande zinazoning'inia. Satini ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu nyuzi zake huruka juu ya nyuzi nne au zaidi kabla ya kuzama chini, hivyo mshiko wake ni hafifu. Oganza inafuata, maana nyuzi zake ni nyembamba na zinateleza. Grogreni, ule utepe wenye matuta madogo ya kukatiza, huvumilia zaidi, ila ukianza kufumuka hutoa tuta zima zima.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa vifaa hawalisemi: umbo la mkato peke yake linafanya nusu ya kazi. Ukikata mshazari wa digrii 45, kila kipande cha mshindio kilichokatwa bado kimeshikwa na ukingo upande mmoja. Mkia wa mbayuwayu, yaani pengo la V linaloingia ndani, ni bora zaidi, kwa kuwa vipande vya kila upande vimeshikwa na ukingo wake. Lakini ukigeuza V hiyo itokeze nje kama ncha ya mkuki, umejitafutia balaa: vipande vya mshindio vilivyo kwenye ncha vimekatwa pande zote mbili, havishikwi na ukingo wowote, na vitaanza kudondoka kabla hujamaliza kufunga kifundo. Mkia wa mbayuwayu ni rahisi kuukata. Kunja utepe katikati kwa urefu, kingo zilale moja juu ya nyingine. Kwa utepe wa milimita 25, anza kwenye mkunjo, milimita 12 hadi 13 kutoka mwisho, kisha kata kwa mshazari kuelekea kona ya kingo. Mkasi uwe mkali na ukate kwa mkupuo mmoja, kwani mkasi butu hutafuna nyuzi, na ncha iliyotafunwa haitengenezeki vizuri hata uipake nini.

Ujue utepe wako kabla ya kununua chochote

Kama rola haina maandishi ya malighafi, kata kipande cha sentimita 3, kishike kwa kibano cha chuma juu ya sahani ya udongo, na usogeze moto polepole. Poliesta na nailoni husinyaa kuukimbia moto, huyeyuka, na zikipoa huacha kishanga kigumu kisichopondeka kwa vidole. Poliesta hutoa moshi mweusi. Pamba na viskosi haziyeyuki hata kidogo: huwaka mara moja, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Hariri huwaka kwa shida, hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake hupondeka. Asetati ndiyo hudanganya watu, maana inawaka huku ikiyeyuka, ina harufu kama ya siki, na asetoni inaiyeyusha. Kumbuka hilo la mwisho, litarudi tukifika kwenye rangi ya kucha.

Kiberiti cha gesi na mshumaa

Kwa poliesta na nailoni hiki ndicho kifaa bora, na pengine tayari unacho. Poliesta huyeyuka karibu na nyuzijoto 260, na ncha za nyuzi zikiyeyuka hushikamana zikawa mstari mmoja mwembamba. Hakuna kilichoongezwa juu ya utepe, kwa hiyo hakuna cha kuosheka wala cha kubanduka.

Kosa kubwa ni kuuingiza utepe ndani ya moto. Moto unatakiwa kukaribiwa tu. Kata ncha upya kwanza, kwa kuwa ncha iliyokwisha kutoa nyuzi huyeyuka kwa mabonge. Vuta utepe kwa mikono miwili uwe umenyooka, ukiacha sentimita 1 tu ikitokeza kwenye vidole vya upande wa ncha. Upitishe kando ya sehemu ya bluu iliyo chini ya mwali, milimita 5 hivi kutoka motoni, kwa mwendo mmoja wa kama sekunde moja. Tazama ukingo: ukishaona mstari mwembamba unaong'aa, acha. Kurudia mara mbili kwa wepesi ni salama kuliko kukawia mara moja.

Ncha ikitoka na rangi ya kahawia, umekaribia mno au umekawia. Ikitoka na masizi, umetumia sehemu ya njano ya mwali, iliyo juu, ambako kaboni haijaungua yote. Hapo ndipo mshumaa unaposhindwa na kiberiti cha gesi: karibu mwali wake wote ni wa njano, na kwenye utepe mweupe au wa krimu masizi hayafichiki. Ncha ikijikunja kama kijiko, joto lilipiga upande mmoja tu. Pitisha tena kwa kasi upande wa pili itanyooka. Na usiibonyeze kwa kidole. Plastiki iliyoyeyuka hushika ngozi na kuendelea kuunguza, hivyo iache ipoe sekunde 10 kabla ya kuigusa.

Oganza inahitaji umbali mara mbili, vinginevyo inatoweka mbele ya macho yako. Mahameli ya poliesta ipitishwe kwa upande wa nyuma, ili manyoya yake yasiungue. Utepe wenye nyuzi za kumetameta usiupeleke motoni kabisa, kwa sababu nyuzi hizo husinyaa na kung'oa uzuri wote. Kazi hii ifanyike kwenye dirisha lililo wazi, bakuli la maji likiwa karibu, na mikono mipana ya nguo ikiwa imekunjwa.

Udhaifu wa moto ni mmoja: unategemea mkono. Ncha 5 zitatoka vizuri. Ncha 200 za kadi za mwaliko hazitafanana, na jicho litaona.

Chuma cha kulehemu na kalamu ya joto

Kwa wingi, chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba, cha wati 15 hadi 30, kinashinda kila kitu kilichotajwa hapa. Kinakata na kuziba kwa pigo moja, na kila ncha inafanana na mwenzake. Unahitaji kioo au kigae cha kukatia juu yake, na rula ya chuma. Rula ya plastiki itayeyuka, na ubao wa kawaida wa kukatia utachimbika.

Laza utepe juu ya kioo, bana kwa rula, kisha vuta ncha ya moto kandokando ya rula kwa kasi isiyobadilika. Kasi ndiyo siri yote. Ukienda pole sana, ukingo unakuwa mnene na mgumu, unaokwaruza ngozi. Ukienda mbio, nyuzi mbili tatu za mtande zinabaki hazijakatika, na ukizivuta zinachana mstari uliokwisha kuziba. Jaribu kwenye vipande vya kutupa hadi ncha iachane yenyewe bila kuvutwa. Futa ncha ya chuma kwenye sponji yenye unyevu kila baada ya mikato michache, kwani mabaki ya plastiki huungua yakawa meusi na kuchafua mkato unaofuata. Rula nayo hupata joto polepole, jambo ambalo watu hulisahau hadi waishike.

Usikate tabaka mbili kwa pamoja ukitarajia vipande viwili, maana zitaungana ukingoni. Kwa anayetengeneza vitanzi vya vifundo hiyo ni faida: ncha mbili zinakatwa na kuunganishwa papo hapo bila gundi. Chuma ukishakitumia kwa tepe, kiache kwa tepe. Ncha yenye mabaki ya plastiki haifai tena kulehemu nyaya.

Kuna pia Thread Zap II ya BeadSmith, kalamu ndogo inayotumia betri moja ya AA, yenye waya mdogo unaopata joto ukibonyeza kitufe. Imetengenezwa kwa ajili ya nyuzi za kazi za shanga, na inaonekana: kwa utepe wa milimita 3 hadi 6 ni kifaa kitamu sana, hasa pale kifundo kimeshafungwa na moto wa kiberiti utaunguza kilicho jirani. Kwa utepe wa milimita 25, waya wake ni mdogo mno. Unalazimika kugusa hapa na pale, na ukingo unatoka na meno.

Chupa yenyewe

Sasa Fray Check. Ni kimiminika kisicho na rangi, chenye alkoholi inayokauka na kuacha utando mwembamba wa plastiki kati ya nyuzi. Hukauka kwa dakika 15 hadi 30, zaidi kidogo kukiwa na unyevu hewani. Kikishakauka kinavumilia kufuliwa kwa maji na hata kusafishwa kwa dawa za dobi, na ukikosea kinaweza kulegezwa kwa alkoholi ya kusafishia vidonda. Kwa pamba, viskosi na hariri ni chaguo la kwanza. Kwa utepe wa poliesta wenye nyuzi za kumetameta, ambao moto unauharibu, pia ni chaguo la kwanza.

Tatizo la kimiminika chochote cha aina hii ni kwamba kinatembea. Nyuzi za mtande ni kama tambi za taa: zinakinyonya kwa urefu, na tone uliloweka ukingoni unalikuta limeingia sentimita nzima ndani ya utepe, likiacha kivuli cheusi kinachofanana na unyevu usiokauka. Kwenye satini ya rangi iliyokolea kivuli hicho kinaweza kubaki daima. Mdomo wa chupa nao hutoa kingi kuliko kinachohitajika, kwa hiyo usikamue moja kwa moja juu ya utepe. Kamua tone kwenye kifuniko cha plastiki, chovya kijiti cha meno, na upake mstari usiozidi milimita 2 kwa upande wa nyuma.

Njia nzuri kuliko zote, na inashangaza kwamba wachache huitumia, ni kupaka kabla ya kukata. Chora mstari wa kukatia kwa penseli, paka mstari mwembamba wa kimiminika juu yake, uache ukauke kabisa, kisha kata katikati ya mstari huo kwa mkasi mkali. Nyuzi zimeshashikana kabla ya kukatwa, hakuna hata moja inayopata nafasi ya kuchomoza, na pande zote mbili za mkato zimezibwa kwa kazi moja. Kwa hariri hakuna njia nyingine inayotoa ukingo safi namna hiyo. Ukitaka kuzuia kivuli kisienee, bandika seloteipu milimita 2 kutoka kwenye mstari na uikandamize kwa ukucha, ingawa kwenye hariri nyembamba ijaribu kwanza kwenye kipande, isije ikavuta nyuzi.

Kasoro nyingine ni ugumu. Ukingo uliopakwa kingi unakwaruza, jambo lisilofaa kwa utepe wa nywele za mtoto au wa shingoni. Fray Block ya June Tailor, inayokuja kwenye tyubu yenye mdomo mwembamba, ni nzito kidogo lakini inabaki laini zaidi ikikauka. Tyubu yake huwekwa kwanza kwenye maji ya moto dakika chache ili kilichomo kiwe chepesi. Ukiruka hatua hiyo kinakaa juu ya utepe kama jeli badala ya kuingia kati ya nyuzi. Kwa kitu kitakachogusa ngozi, hiyo ndiyo ya kuchukua.

Na usichanganye mambo: kimiminika chenye alkoholi kinashika moto. Usiipake ncha dawa kisha uipeleke kwenye kiberiti ili "kuimarisha". Chagua moja.

Rangi ya kucha na gundi nyeupe

Rangi ya kucha isiyo na rangi ina sifa kubwa kuliko uwezo wake. Utando wake ni mgumu na haupindi, hivyo kwenye utepe unaofungwa na kufunguliwa hupasuka, na kwenye ufa ndiko nyuzi zinakoanza tena kutoka. Baada ya muda hugeuka njano, na kwenye utepe mweupe inaonekana. Viyeyusho vyake hula asetati: ukipaka utepe wa asetati, ukingo unalainika na kukunjamana badala ya kuzibika. Inafaa kwa zawadi itakayofunguliwa kesho na utepe kutupwa. Zaidi ya hapo, ni kujisumbua. Kama ndiyo pekee uliyonayo, brashi yake ni pana mno, kwa hiyo tumia kijiti cha meno hapa pia.

Gundi nyeupe ya kawaida, ile ya karatasi na mbao, inastahili heshima kuliko inayopewa. Ikiwa nzito inakaa juu juu tu, basi izimue kwa maji, sehemu moja ya gundi kwa sehemu moja ya maji, ipate kupenya. Paka kwa nyuma, futa iliyozidi kwa kitambaa, laza utepe juu ya karatasi ya nailoni usije ukanata, na uache saa nzima. Inakauka bila rangi na haina harufu. Kwa kadi, vitabu vya picha, masanduku ya zawadi na mapambo ya ukutani, tofauti kati yake na chupa ya dukani ni ndogo mno kuhalalisha chupa. Ikikutana na maji, hata hivyo, hulainika, na kwenye nguo haina kazi.

Mkasi wa zigizaga, sindano na vibano

Mkasi wa zigizaga haufungi chochote; unachelewesha tu. Kila jino lake linakata mshazari mfupi, hivyo nyuzi zinazotoka ni fupi na hazivutani. Kwa utepe wa upana chini ya milimita 15 utapata meno mawili au matatu tu, na ncha inaonekana imetafunwa. Meno yakishakuwa butu, na karatasi huyafanya butu upesi, mkasi huu unavuta utepe badala ya kuukata.

Sindano ndiyo ya mwisho kufikiriwa na ya kwanza kudumu. Kunja milimita 5, kunja tena milimita 5 ncha ifichwe ndani, shona kwa mishono ya milimita 2 hadi 2.5. Ongeza sentimita 1 kwa kila ncha unapopima. Kitu kinachofuliwa kila wiki kishonwe, hakuna kimiminika cha kushindana na hilo. Grogreni nene tu ndiyo hugoma, kwani tabaka tatu zake zinakuwa donge. Kunja mara moja baada ya kuziba ncha kwa moto.

Vibano vya chuma vyenye meno, vile vya mwisho wa bangili za utepe, huficha ncha badala ya kuitibu. Chukua kibano chenye upana sawa na utepe. Kikiwa kipana zaidi utepe unachomoka pembeni, kikiwa chembamba unajikunja. Ziba ncha kwanza, weka tone la gundi ndani, kisha bana kwa koleo lenye midomo ya plastiki, ukianzia katikati na kwenda pembeni. Koleo la chuma litaacha alama.

Umebaki utepe wenye waya kingoni, ule wa mapambo makubwa. Waya wake unapeleka joto kwenye vidole na kuyeyusha utepe kutoka pembeni kuelekea ndani, kwa hiyo usikaribie na kiberiti kabla ya kuuondoa. Vuta waya utokeze milimita 5 kila upande, ukate kwa koleo na si kwa mkasi wako mzuri, rudisha utepe mahali pake waya ujifiche, kisha ndipo uzibe ncha.